Kuziba kwa umio kwa watoto wachanga

Kasoro ya kuzaliwa ambayo umio hukatikia njiani. Mara nyingi ncha ya chini huungana na njia ya hewa. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 4,500. Kichanga hutoka povu mdomoni, hupaliwa akinyonya, na mrija wa kulishia hugota. Mwaka 1941 daktari wa upasuaji Cameron Haight, wa Marekani, alifanikiwa kuunganisha ncha mbili za umio.

Utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74, uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2021, ulihusisha kasoro hii na nyingine za tumbo: vifo vilikuwa asilimia 39.8 katika nchi maskini, 5.6 katika nchi tajiri. Pengo hilo ni la huduma, si la maradhi. Nchini Kenya, kwa mfano, wakazi wa Kisii na Nyamira hutegemea Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Mji mkuu, Nairobi, uko mbali, takriban kilomita 300. Mtoto anayetoka povu asinyonyeshwe kabla ya kupimwa kwa mrija.