Vipuri Vikuukuu na Pikipiki za Kijapani: Ufundi wa Kufufua Mashine Jijini Nairobi

Pikipiki za Kijapani zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 zimedumu barabarani nchini Kenya kwa kazi ya mafundi wanaojua kuoanisha kipuri cha mashine moja na mashine nyingine. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, kazi hiyo hufanywa uani, kando ya njia au mbele ya kibanda cha mabati, kwa sanduku moja la spana. Ufundi huu uliwatangulia bodaboda kwa miaka mingi. Ulianzia katika karakana za reli, ukapitia gereji za katikati ya jiji, ukakomaa wakati wa uhaba wa bidhaa za nje, na mwishowe ukakutana na uchumi wa vitu vilivyokwisha kutumika ambao Soko la Toi ni mfano wake mashuhuri.

Chimbuko la mafundi

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na karakana kuu za reli zikajengwa hapo. Mafundi wengi wa mwanzo waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Waafrika waliajiriwa kama vibarua na wasaidizi, wakajifunza kwa kutazama na kushika. Baadaye familia nyingi za Kihindi zilifungua gereji na maduka ya vipuri, hasa kwenye Barabara ya Grogan, ambayo sasa ni Barabara ya Kirinyaga. Humo kijana alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumkabidhi fundi spana aliyoitaka. Akionyesha bidii aliruhusiwa kufungua gurudumu, kisha kabureta, na baada ya miaka akaachiwa injini nzima. Mfumo huo wa spana boi na fundi wake ndio unaofuatwa hadi leo kando ya barabara za Kibera.

Baada ya uhuru mwaka 1963, wengi waliofunzwa hivyo walijitegemea kwenye viwanja vya wazi, bila paa, na kazi yao ikaitwa jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, iliwafanya wapangaji wa uchumi waitambue sekta hii kuwa chanzo halisi cha ajira. Mtafiti Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa Nairobi kwa miaka mingi, akaandika kitabu juu yao mwaka 1977 na kingine mwaka 1996. Serikali ilichukua muda kuwaunga mkono: mnamo 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda, na mwaka 1992 ukatolewa waraka wa sera uliohusu jua kali.

Kuja kwa pikipiki za Kijapani

Wakati wa ukoloni pikipiki nyingi zilitoka Uingereza. Japani iliingia sokoni kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Honda iliundwa mwaka 1948 na mwaka 1958 ikatoa Super Cub. Suzuki ilianza na baiskeli yenye injini mwaka 1952, na Yamaha ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, mwaka 1955. Yamaha DT-1 ya mwaka 1968 ilifungua njia kwa pikipiki nyepesi za barabara mbovu, nasaba ambayo DT125 na DT175 zilitokana nayo.

Mashine za aina hiyo zilizifaa njia za vumbi na matope za Afrika Mashariki. Maofisa wa kilimo, wahudumu wa afya na wamisionari walizitumia kufika vijiji visivyofikiwa na gari. DT175 ina injini ya mipigo miwili isiyo na vali juu ya silinda, kwa hiyo fundi huweza kuifungua kwa vifaa vichache. Mfululizo wa Honda XL ulitumia mipigo minne: ulibana mafuta zaidi, lakini ulidai oili safi na marekebisho ya vali kwa wakati wake.

Miaka ya uhaba

Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na akiba ya fedha za kigeni ikawa finyu. Kenya ilidhibiti uagizaji kwa leseni, na kipuri kipya kutoka Japani kiliweza kuchukua muda mrefu kufika, kwa bei iliyowashinda wengi. Hapo ndipo desturi ya kuchinja mashine iliposhika mizizi. Taasisi ilipouza pikipiki zake zilizochoka kwa mnada, fundi alinunua mbili au tatu zilizokufa ili aunde moja inayotembea. Fremu iliyopinda iliwekwa kando kwa ajili ya magurudumu yake, na injini iliyopasuka ikahifadhiwa kwa ajili ya gia zake. Lundo la vyuma uani kwa fundi likawa ghala, na thamani ya ghala hilo ilitegemea kumbukumbu ya mwenyewe: ni yeye aliyejua kipi kinaingia wapi.

Kibera, Kawangware na Toi

Kibera ilianza kama makazi ya wanajeshi wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Baada ya uhuru ilipokea maelfu ya wafanyakazi waliotafuta nyumba za bei nafuu. Kawangware, upande wa Dagoretti, nayo ilikua kwa namna kama hiyo. Wakazi wengi hawakuwa na hati za ardhi, na jambo hilo liliathiri ufundi moja kwa moja. Asiyekuwa na uhakika wa kubaki mahali hajengi gereji ya mawe wala hasimiki mashine nzito. Hununua vifaa vinavyobebeka, na kazi inayohitaji mashine huipeleka kwa mwenye leithi mahali pengine jijini.

Soko la Toi limekua ukingoni mwa Kibera, upande wa Makina, karibu na Adams Arcade na Barabara ya Ngong. Linajulikana zaidi kwa nguo na viatu vya mitumba, biashara iliyopanuka sana baada ya vizuizi vya uagizaji kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Muuzaji wa Toi na fundi wa pikipiki wanategemea maarifa ya namna moja. Wote wawili hununua kitu kisicho na dhamana, hukikagua kwa macho na vidole, huamua kama kinatengenezeka, kisha hukipa thamani kwa kazi. Kama fundi wa cherehani anavyopunguza koti la mitumba likamkaa mteja, ndivyo fundi wa pikipiki anavyochonga bushi hadi ikae kwenye ekseli.

Wafanyabiashara wa Toi walikuwa miongoni mwa waliounda mapema vikundi vya akiba chini ya Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililoanzishwa mwaka 1996 kupinga ubomoaji na unyakuzi wa ardhi. Kinga hiyo ilihitajika. Soko liliteketezwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa upya, kisha likapatwa na moto tena mwaka 2019. Mwezi Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Kila tukio la aina hii huweza kumpokonya fundi lundo la vipuri lililokusanywa kwa miaka.

Bodaboda na urithi wa CG125

Bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960. Pikipiki zilichukua nafasi polepole, kisha mwaka 2008 Kenya ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na usajili ukapaa: kufikia mwaka 2011 zilizosajiliwa kwa mwaka zilizidi 100,000. Nyingi zilitoka China na India, lakini ndani ya mashine nyingi za Kichina mlikuwa na usanifu wa Kijapani.

Usanifu huo ni wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda iliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Badala ya kamshafti ya juu inayozungushwa kwa cheni, iliwekewa vijiti vya kusukuma vali, ambavyo huvumilia zaidi uzembe wa matunzo. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na kwa njia hiyo vipuri vya nasaba yake vikajaa madukani Nairobi. Mwenye Honda ya zamani ya jamii hiyo akapata pistoni, klachi na kabureta bila kuagiza ng'ambo.

Hatua za kufufua

Kazi huanza kwa uchunguzi. Fundi hukanyaga kiki asikie mgandamizo, hutazama rangi ya plagi, na hutikisa gurudumu kupima beringi. Skrubu za msalaba za Kijapani zina umbo lake, na bisibisi ya kawaida huziharibu kichwa, kwa hiyo zilizoganda hugongwa kwanza ili zilegee.

Silinda iliyolika hupelekwa kwa mwenye mashine ikapanuliwe, kisha hutiwa pistoni ya saizi ya juu. Saizi hizo hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Pistoni ya jamii nyingine inaweza kutumika iwapo kipenyo, pini na urefu kutoka pini hadi kichwani vinalingana. Kosa hapo huifanya igonge vali. Beringi ni rahisi zaidi, kwa kuwa namba zake ni za kimataifa: 6302 huwa na tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha 42 na unene wa 13, iwe imetoka kwenye pikipiki au kwenye mota ya umeme.

Gasketi hukatwa kwa karatasi maalumu iliyowekwa juu ya chuma na kugongwa kingoni kwa nyundo. Pointi za kuwashia zilizokufa hubadilishwa kwa mfumo wa kielektroniki wa CDI, na umeme wa volti 6 hupandishwa hadi 12 kwa kubadili koili, regyuleta na taa. Kwenye Yamaha ya mipigo miwili ambayo pampu yake ya oili imekufa, oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Njia hiyo hufanya kazi, ila kipimo kikipungua pistoni hukwama.

Sheria na hali ya sasa

Biashara ya vyuma vikuukuu imewekewa masharti na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayowataka wafanyabiashara wawe na leseni na kumbukumbu za manunuzi. Mwezi Januari 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda. Kwa fundi anayeunda pikipiki moja kutokana na tatu, hati ya umiliki na namba ya fremu ni muhimu kama injini yenyewe, kwa sababu mashine isiyo na karatasi haiwezi kuuzwa kihalali wala kukatiwa bima.

Ujuzi wenyewe nao umeanza kupata njia ya kutambuliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa daraja la III, II na I, na fundi aliyefunzwa kando ya barabara anaweza kuifanya. Cheti hicho humfungulia ajira rasmi, na humpa mteja sababu ya kumwamini. Pikipiki za umeme nazo zimeingia Nairobi, zikiwa hazina kabureta wala pistoni. Hata hivyo beringi, breki na fremu zake zinahitaji mikono ileile, na mafundi waliojifunza kusoma namba, kupima na kuoanisha vipuri vya jamii mbalimbali wana msingi wa kuzihudumia.