Vijiti vya kutenganishia mbao

Vijiti vya kutenganishia mbao ni vipande vyembamba vya mti vinavyowekwa kati ya safu za mbao mbichi zilizopangwa kwenye rundo, ili hewa ipite na kuzikausha. Hutumika katika viwanda vya kupasua mbao, karakana za useremala na mahali pengine ambapo mbao hukaushwa kwa hewa bila tanuri. Unene wa vijiti na nafasi kati yake huathiri kasi ya kukauka, na pia huchangia kuamua kama mbao zitatoka zimenyooka au zimepinda.

== Jinsi mbao inavyokauka ==

Mti uliokatwa karibuni una maji ndani ya matundu ya seli na maji mengine yaliyoshikwa na kuta za seli. Maji ya matundu hutoka kwanza. Unyevu unaposhuka hadi takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta za seli huanza kupoteza maji yake, na hapo ndipo ubao huanza kusinyaa.

Uso ukikauka haraka mno kuliko sehemu ya ndani, husinyaa mapema na nyufa hutokea. Kwa upande mwingine, hewa isipopita vizuri uso hubaki na unyevu na kuvu huota. Kwa hiyo unene wa vijiti huchaguliwa ili kuepuka hatari zote mbili.

== Unene ==

Unene wa kawaida ni milimita 19 hadi 25 (robo tatu ya inchi hadi inchi moja).

* Mbao laini, kama za msindano, kwa kawaida hutenganishwa kwa vijiti vya milimita 25. Misindano hupandwa kwa wingi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwa mfano katika shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi. Mbao zake mbichi hushambuliwa upesi na kuvu zinazoacha madoa ya buluu, hivyo ni vizuri zipangwe mara baada ya kupasuliwa.
* Mbao ngumu zinazopasuka kwa urahisi, kama za mkaratusi na mwaloni, hufaa kutenganishwa kwa vijiti vya milimita 12 hadi 19 ili zikauke polepole, hasa zikiwa nene.

Vijiti vinene hupunguza pia idadi ya mbao zinazoingia kwenye rundo. Rundo lenye kimo cha mita 1.5, la mbao za unene wa milimita 25, hubeba takriban safu 34 kwa vijiti vya milimita 19, safu 30 kwa vijiti vya milimita 25, na safu 23 tu kwa vijiti vya milimita 38.

Hata hivyo, usawa ni muhimu kuliko kipimo chenyewe. Vijiti vya safu moja vikitofautiana unene, ubao huegemea vile vinene na kuning'inia juu ya vile vyembamba. Uzito wa safu za juu huukandamiza, nao hukauka ukiwa umepinda.

== Upana na aina ya mti ==

Upana wa milimita 25 hadi 40 hutosha. Kijiti kipana mno huziba sehemu kubwa ya uso wa ubao, na kile chembamba mno hudidimia katika mbao laini. Baadhi ya mafundi hutumia vijiti vya mraba, kwa sababu hutoa unene uleule kwa upande wowote vitakaolazwa.

Vijiti viwe vikavu na visiwe na magome. Kijiti kibichi huweza kuacha alama inayoingia ndani ya ubao, ambayo hata randa haiiondoi.

== Nafasi kati ya vijiti ==

Kwa mbao za milimita 25, nafasi ya sentimita 45 hadi 60 ni ya kawaida. Mbao nyembamba zaidi, au za miti inayopinda kwa urahisi, huhitaji sentimita 30 hadi 40. Ubao wa mita 3.6 (karibu futi 12) huhitaji vijiti 7 kwa kila safu ikiwa nafasi ni sentimita 60, na vijiti 9 ikiwa ni sentimita 45.

Vijiti vya pembeni huwekwa karibu kabisa na ncha za mbao. Vijiti vya safu zote hufuata mstari mmoja wa wima, juu ya mihimili ya msingi, ili uzito ushuke moja kwa moja hadi chini.

== Rundo na mazingira yake ==

Msingi huinuliwa sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini ili hewa ipite chini na kupunguza hatari ya unyevu na mchwa. Juu huwekwa paa, kwa mfano la mabati, la kuzuia mvua na jua kali. Ncha za mbao hupakwa rangi au nta kwa sababu hukauka haraka kuliko sehemu nyingine na kupasuka.

Vijiti haviwezi kukausha mbao kupita kiwango kinachoruhusiwa na hewa. Penye unyevu wa hewa wa asilimia 65, mbao hutulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 12, na penye asilimia 80 hutulia karibu asilimia 16. Ndiyo sababu mbao zilizokaushwa pwani husinyaa tena zikipelekwa sehemu kavu za bara. Njia rahisi ya kujua kama rundo limekauka ni kupima uzito wa ubao mmoja kila wiki mpaka uache kupungua.