Kutoka Jangwa la Meksiko hadi Irumu: Historia ya Maharage Yanayohimili Joto

Nioka, kwenye nyanda za juu za Mahagi katika mkoa wa Ituri, Kongo, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Bunia iko karibu mita 1,300. Ukiteremka hadi Kasenyi, pwani ya Ziwa Albert katika wilaya ya Irumu, umebakiwa na mita 620 hivi. Huko juu maharage hubeba maganda yaliyojaa. Kando ya ziwa, mmea huohuo hunawiri majani, hutoa maua, kisha maua hupukutika. Kinachoudhuru zaidi ni usiku wa joto: halijoto ya usiku ikizidi nyuzi 20 hivi, chavua huharibika, na ua lisilo na chavua hai halizai.

Udhaifu huo una asili yake. Maharage yalianza kulimwa Amerika, mara mbili na mahali pawili tofauti: Meksiko na milima ya Andes. Wareno waliyaleta Afrika kuanzia karne ya 16, pamoja na mahindi na mihogo. Mihogo ilikubali joto la mabondeni. Maharage yalikimbilia milimani, yakastawi Ituri, Kivu na Rwanda. Wakulima, hasa wanawake, walipanda mbegu za aina nyingi katika shamba moja, wakaweka akiba zile zilizosalimika msimu mbaya. Kazi hiyo ya vizazi ndiyo uteuzi wa kwanza wa mbegu za maharage katika nchi hizi, na inastahili heshima sawa na ya maabara.

Kongo nayo iliupa ulimwengu mmea wa nchi za joto. Mnamo 1900, kampuni moja ya Brussels ilianza kuuza miche ya kahawa ya robusta iliyotoka Kongo. Mwaka uliofuata ikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza kahawa ya arabika. Wabelgiji walipoanzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, mwaka 1933, kituo chake kikuu cha utafiti kikawa Yangambi, na Nioka ikawa kituo cha nyanda za juu. Sayansi ilifanyika kweli, lakini jicho lake kubwa lilikuwa kwenye michikichi, kahawa na pamba, mazao ya kuuzwa nje. Chungu cha mkulima kilingoja zamu yake. Baada ya uhuru, vituo hivyo vilirithiwa na taasisi ya taifa, INERA.

Jibu la maharage lilitafutwa Palmira, Kolombia, katika CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto kilichoanzishwa mwaka 1967 na ambacho hifadhi yake ina makumi ya maelfu ya aina za maharage. Watafiti waligeukia tepari, ndugu wa maharage anayeishi katika majangwa ya kaskazini mwa Meksiko. Kuyachanganya kulikuwa kugumu: mbegu changa zilikufa ndani ya ganda, ikabidi viini vyake vitolewe na kulelewa maabara. Mwaka 2015, kundi lililoongozwa na Stephen Beebe lilitangaza aina 30 zenye uwezo wa kuhimili ongezeko la nyuzi 4.

Kati ya Palmira na Kasenyi, hata hivyo, kuna vita. Mapigano ya 1999 hadi 2003 yaliitikisa Ituri, na tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi, huku raia wa Irumu wakiendelea kuhama vijiji. Familia inayokimbia hula mbegu zake. Zikiliwa, hupotea pia uteuzi wa mama na bibi, na hakuna maabara inayoweza kuurudisha.

Ndiyo maana mbegu mpya peke yake haitoshi. Inafaa ijaribiwe Kasenyi penyewe, na wakulima waulizwe kuhusu rangi, ladha na muda wa kuiva jikoni, kwa kuwa wao ndio watakaoila na kuiuza sokoni Bunia. Nioka irudishiwe watafiti, fedha na usalama. Kila kikundi cha wakulima kiwe na ghala la mbegu za zamani kando ya hizi mpya. Wenye mamlaka Bunia na Kinshasa wanapopanga bajeti ya amani, waiweke mbegu humo, kwa sababu anayerudi shambani bila mbegu hajarudi bado.