Jalada la Wima na Hatima ya Karatasi Ndogo

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, barua za ofisini huko Marekani zilikunjwa zikatiwa katika vishubaka vya madawati, au zililazwa katika visanduku. Aliyetaka moja alipekua rundo zima. Mwaka 1893, katika maonyesho makuu ya Chicago, kampuni ya Library Bureau, iliyoanzishwa na Melvil Dewey, ilionyesha njia nyingine: karatasi zisimamishwe wima ndani ya droo, zikitenganishwa kwa kadi zenye vichwa. Kwa wakutubi jambo hili halikuwa geni, kwani kadi za katalogi zao zilisimama vivyo hivyo.

Maktaba zilitia katika droo hizo yale yasiyofikia kuwa vitabu: vipande vya magazeti, vijitabu, matangazo, ratiba za michezo ya kuigiza. Je, yadumu muda gani? John Cotton Dana, mkutubi wa Newark tangu 1902 hadi 1929, alishikilia kwamba machapisho mengi ni ya kupita, na yakiisha manufaa yatupwe. Kwa maktaba ya wafanyabiashara, rai hiyo ina busara.

Haikufaa Harlem. Huko, katika tawi la maktaba ya New York lililo mtaa wa 135, vipande vilianza kukusanywa mwaka 1925, na mwaka uliofuata maktaba ikapata mkusanyiko wa Arturo Schomburg, ulionunuliwa kwa dola 10,000. Maisha ya watu weusi hayakuandikwa sana vitabuni. Mara nyingi ushahidi uliobaki ni karatasi ambayo Dana angeitupa. Majalada hayo, ya 1925 hadi 1974, baadaye yalinakiliwa katika filamu ndogo, maana karatasi ya gazeti, itokanayo na mti uliosagwa, ina asidi inayoila yenyewe.

Filamu, hata hivyo, haiponyi kosa la mkasi. Kipande kilichokatwa bila kuandikwa jina la gazeti na tarehe ni shahidi asiye na kwao. Na kichwa cha jalada nacho huzeeka: neno walilojiita watu mwaka 1930 si walilolitaka mwaka 1970. (Hapa mwanaisimu ana kazi kuliko mkutubi.) Anayebadili kichwa pasipo kuacha kadi ya kuelekeza kutoka neno la kale hadi jipya huwa amelificha jalada, ingawa bado limo drooni.