Hema la Upepo: Husimamaje Bila Nguzo?

Hema la upepo ni hema linaloshikiliwa na hewa badala ya miti au vyuma. Ukitaka kulielewa, tazama tyubu ya baiskeli. Ikiwa tupu unaikunja na kuitia mfukoni. Ukiijaza upepo ndani ya tairi, inabeba mtu na gunia lake.

Mahema haya ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, hewa hujazwa ndani ya chumba chenyewe. Feni huzunguka usiku na mchana, na milango huwa miwili, mmoja baada ya mwingine, ili hewa isitoke yote mtu anapoingia. Mhandisi wa Marekani, Walter Bird, alijenga kuba la namna hii mwaka 1948 kufunika rada.

Katika aina ya pili, hewa hujazwa kwenye mirija minene iliyopangwa kama mbavu, na mlango huwa wa kawaida. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitumia mahema ya mirija kama hospitali nchini Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Ndani yake wagonjwa walilazwa na kufanyiwa upasuaji.

Wengi huogopa hema la upepo litawaangukia. Hatari kubwa zaidi ni kupeperuka. Kitambaa ni chepesi, na upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, kama unavyong'oa bati lisilopigiliwa vizuri. Ndiyo maana mbunifu hupanga kwa makini kamba, vigingi na mifuko ya mchanga ya kulishikilia chini.

Jambo hili linahusu pia majumba ya upepo ambayo watoto hurukia kwenye sherehe. Desemba 2021, katika mji wa Devonport, Australia, upepo ulinyanyua jumba la aina hiyo shuleni na watoto 6 wakafariki dunia.

Kanuni za Uingereza zinataka jumba la kurukia lifungwe chini sehemu zisizopungua 6, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Tazama miti. Miti midogo ikianza kuyumba yote, watoto watoke. Na kabla hawajaingia, lizunguke jumba uhesabu kamba, kisha uvute kila moja kwa mkono. Ikilegea hata moja, mwenye jumba airekebishe kwanza.