Ugawaji wa antibiotiki kwa watoto wote: Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba

Ugawaji wa antibiotiki kwa watoto wote ni utaratibu wa kuwapa dawa watoto wa kijiji au mtaa mzima, wagonjwa kwa wazima, ili kupunguza vifo vya walio chini ya miaka mitano. Dawa yenyewe ni azithromaisini, iliyozoeleka katika kupambana na trakoma. Na ni katika kazi hiyo ya macho, nchini Ethiopia, ndipo watafiti walipoona mwaka 2009 kwamba watoto wa maeneo yaliyopewa dawa walikufa wachache zaidi. Jaribio kubwa la MORDOR, lililochapishwa mwaka 2018, lilichukua jamii 1,533 za Nijeri, Malawi na wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, zikagawanywa kwa kura kati ya dawa na dawa bandia. Mara mbili kwa mwaka, kwa miaka miwili, kila mtoto wa mwezi 1 hadi 59 alinyweshwa dawa ya maji. Asiyeweza kusimama alipimwa uzito, anayesimama alikadiriwa kwa urefu, na si mzazi wala mgawaji aliyejua kama chupa ina dawa ya kweli. Vifo vilipungua kwa asilimia 13.5.

Wastani huo usichukuliwe kama ulivyo. Nijeri vifo vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi 5.7, Tanzania 3.4. Kati ya watoto 1,000 wasiopewa dawa, Nijeri ilipoteza 27.5 kwa mwaka; Tanzania 5.5. Wapo wanaosema kwamba tofauti hiyo ya nchi na nchi haikuthibitika kitakwimu, na wana haki. Lakini dawa inayoua vijidudu vya kuhara na vya mapafu itaokoa wengi pale ambapo maradhi hayo yanaua wengi, na Shirika la Afya Duniani lilifuata mantiki hiyo mwaka 2020: lilikataa ugawaji wa kila mahali, likasema ufikiriwe kwa watoto wa miezi 1 hadi 11 tu, kusini mwa Sahara, penye vifo vya watoto wachanga zaidi ya 60, au vya walio chini ya miaka mitano zaidi ya 80, kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Kolwezi, iko upande gani wa mpaka huo? Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–14 ulitoa vifo 104 vya walio chini ya miaka mitano kwa kila 1,000. Ule wa 2017–18 ukatoa 70. Kwa namba ya kwanza nchi nzima inastahili dawa, kwa ya pili haistahili, na mtoto anayeishi kando ya mashimo ya Mashamba, magharibi mwa Kolwezi, hajaelezwa na yoyote kati ya hizo. Hata wastani wa mkoa hautoshi. Mkoa wa Lualaba umeunganisha mji wa migodi wa Kolwezi, wenye zoni za afya za Dilala na Manika, pamoja na Sandoa na Kapanga, mwendo mrefu kutoka hospitali kubwa. Ndiyo maana uamuzi huu ni wa zoni ya afya. Kuuchukua Kinshasa kwa nchi nzima ni kuwapa dawa wasioihitaji na kuwanyima wanaokufa.

Pingamizi zito zaidi ni usugu. Nijeri, baada ya miaka miwili, vijidudu vya nimonia visivyosikia dawa za jamii hii vilikuwa asilimia 12.3 katika vijiji vilivyopewa dawa, na 2.9 katika vingine. Wengine hujibu kwamba antibiotiki tayari zinauzwa kwenye maduka ya dawa mitaani bila karatasi ya daktari, kwa hiyo hakuna cha kulinda. Jibu hilo ni baya: kama usugu umekwisha kuingia, ndiyo sababu ya kuupima kabla ya kuanza. Wala kupunguza umri si njia rahisi ya kukwepa. Jaribio la AVENIR, Nijeri, lililochapishwa mwaka 2024, lilionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 14 walipopewa watoto wote hadi miezi 59. Walipopewa wachanga peke yao, faida haikuthibitika. Anayetaka kugawa agawe kwa wote, au asubiri.

Itasemwa pia kwamba Kolwezi inahitaji maji safi na chanjo kabla ya chupa za dawa. Ni kweli inavihitaji. Surua iliua Wakongo zaidi ya 7,000 katika mlipuko uliomalizika 2020, na azithromaisini haitibu surua. Ila kumwambia mama asubiri bomba ndipo mwanawe aokolewe si hoja ya afya. Uwezo wa kuhesabu vifo upo: sheria ya madini ya 2018 inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha, na maeneo ya chini asilimia 15, huku kobalti ikitozwa asilimia 10. Sehemu ndogo ya fedha hizo ilipe wahudumu wa jamii waandike kila kifo cha mtoto, mtaa kwa mtaa, pamoja na familia za wachimbaji zinazohamahama. Serikali ya Lualaba itangaze hadharani hesabu ya kila zoni, na zoni inayovuka kiwango ipewe dawa mwaka huohuo.