Kupanga alamisho za kivinjari kwa lebo

Alamisho ni anwani ya ukurasa wa intaneti ambayo kivinjari kinakutunzia. Zikiwa nyingi, kuipata moja kunachosha. Folda zinasaidia, lakini ukurasa mmoja mara nyingi unahusu mambo kadhaa. Lebo ni neno fupi unaloambatanisha na alamisho, na alamisho moja inaweza kubeba lebo nyingi.

Tuchukue Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018. Inayataka makampuni yanayochimba yatenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Kwetu Kisenge, penye manganizi, mmoja atautafuta ukurasa huo kwa neno “sheria”, mwingine “madini”, mwingine “maendeleo”. Upe lebo zote tatu.

Katika Firefox ya kompyuta, bonyeza Ctrl na D pamoja, andika lebo ukizitenganisha kwa koma, kisha hifadhi. Ukitaka kutafuta, andika + kwenye sehemu ya anwani, acha nafasi, halafu andika lebo. Chrome haina lebo za namna hiyo. Humo ongeza maneno hayo kwenye jina la alamisho.

Wanaotumia kompyuta moja ya kanisa wapatane kwanza juu ya lebo chache. Kwa kompyuta, “maji” na “mayi” ni vitu viwili.

Tena kumbuka: alamisho inatunza anwani tu. Mtandao ukikatika siku ya mkutano na kampuni, haikusaidii. Pakua sheria yenyewe mapema.